Nilivyokwenda Ukerewe Kujibu Swali la Ziwa

Niliondoka Pasiansi, hapa Mwanza, kwenda kisiwa cha Ukerewe kwa sababu nilicheka mahali ambapo sikupaswa kucheka.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Igogo na kazi yangu kubwa ni majoho ya kwaya. Lakini kila Jumapili baada ya ibada, kanisani kwetu, naongoza darasa la maswali ya Biblia. Huu ni mwaka wa kumi na moja sasa. Watu wanauliza, mimi najibu. Kaini alimwoa nani? Kama Mungu ni mmoja, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu ni akina nani? Yesu alipokuwa akiomba kule bustanini alikuwa anamwomba nani, ikiwa yeye mwenyewe ni Mungu? Siwezi kudanganya, kazi hii naipenda. Kuna raha yake kumwona mtu amekunja uso, ukamfungulia ukurasa, uso ukakunjuka. Ndiyo maana hata barabarani wananiita Mwalimu, ingawa sijawahi kushika chaki.

Halafu kijana mmoja wa kwaya akatufungulia kundi la WhatsApp. Maswali yakaanza kuingia toka Mkolani, toka Magu, mpaka visiwani, siku yoyote, saa yoyote. Nikawa najibu huku mguu uko kwenye cherehani.

Siku moja ukaingia ujumbe wa sauti wa mama mtu mzima. Alisema taratibu, kama mtu anayesoma barua: "Mwalimu, Kitabu kinasema siku ya mwisho bahari itawatoa wafu wake. Sisi huku ni watu wa ziwa. Je, na ziwa litawatoa?"

Nilikuwa napinda mkono wa joho, na mteja ananisubiri. Nikashika simu nikajibu kwa sauti: "Mama, usiwe na wasiwasi, ziwa ni mtoto wa bahari, litamfuata mama yake!" Nikamalizia na vile vikatuni vya kucheka mpaka machozi. Kundi zima likalipuka. Mmoja akauliza, na lambo la kunyweshea ng'ombe kule kwetu je? Mwingine akauliza habari za ndoo ya maji. Tulicheka mpaka jioni. Yule mama akajitoa kwenye kundi, na mimi hata sikuona.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na namba nisiyoijua. "Shikamoo Mwalimu. Naitwa Agripina, ni muuguzi, niko Ukerewe. Mama yangu anaitwa Mama Sabina. Ndiye aliyekuuliza habari za ziwa."

Akanieleza. Mdogo wake Agripina, Deo, mtoto wa mwisho wa Mama Sabina, alikuwa seremala. Miezi saba iliyopita alivuka na mtumbwi kwenda kisiwa kidogo cha jirani kutengeneza madawati ya shule. Upepo ukawakuta katikati, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa. Deo hakuonekana, akiwa hai wala akiwa maiti. Walimtafuta siku tisa, kisha wakaacha.

"Mama tangu siku ile ya vicheko haendi kanisani," Agripina akasema. "Anasema kama mtu anayekijua Kitabu amecheka, basi jibu hakuna."

Nilizima cherehani. Jioni nilimweleza mume wangu, nikategemea aseme nimpigie yule mama simu nimwombe radhi. Akaniangalia. "Ulimcheka kwa simu. Sasa na kuomba radhi iwe kwa simu tena?"

Alhamisi asubuhi nikatoka na begi dogo, Biblia nimeishika mkononi kwa kuwa begini haikuingia. Hilo lilikuwa kosa. Bodaboda aliyenichukua kwenda bandarini aliiona, na kabla hatujatoka hata Pasiansi alikuwa amegeuza shingo.

"Mama, wewe ni mchungaji?"

"Mimi ni fundi cherehani. Angalia mbele."

"Naangalia. Ila nijibu kitu kimoja. Yule mwizi aliyesulubiwa pamoja na Yesu, aliyeahidiwa peponi siku ileile. Yule hakubatizwa, sivyo?"

"Hakubatizwa."

"Sasa mbona mchungaji wetu ananibana na madarasa ya ubatizo miezi sita?"

Nilimwambia yule mwizi hakuwa na miezi sita, alikuwa na masaa. Mwenye nafasi hutumia nafasi aliyopewa, na asiye nayo Mungu anajua namna ya kumfikia. Akapiga honi ya furaha, sijui kwa jibu langu au kwa sababu kulikuwa na mbuzi barabarani. Tulipofika bandarini akasema atamaliza yale madarasa, lakini asimwone mtu akimlaumu akifa kesho. Nikamwambia asife kesho, avae kofia yake ngumu badala ya kuitundika kwenye kioo.

Saa tatu meli ikaondoka. Nilikaa benchi la nje, upande wenye kivuli, kati ya mama mmoja mwenye miwani aliyestaafu unesi na bwana mmoja mnene aliyefungua kifurushi cha kambale wa kukaanga. Harufu ilikuwa nzuri, akanikaribisha, nikachukua kipande. Akamkaribisha na yule mama. Mama akatikisa kichwa kwa adabu. "Mimi ni Msabato. Samaki asiye na magamba sili."

Bwana akaweka chini kipande chake. "Hayo si ya Agano la Kale, dada? Mwalimu huyu hapa ana Biblia, atuamue."

Nilifurahi mno, nasema ukweli. Nikawaeleza maono ya Petro juu ya paa, lile shuka lililoshuka toka mbinguni na wanyama wa kila aina, na sauti ikimwambia achinje ale. Nilidhani nimemaliza. Yule mama akafuta miwani yake pole pole, akaniuliza Petro mwenyewe alisema maono yale yalihusu nini. Nikafungua. Petro anasema alionyeshwa asimwite mtu yeyote najisi. Mtu, si samaki. Bwana mnene akaacha kutafuna. Nikaleta hoja nyingine, mama akaleta yake, tukaenda hivyo mpaka majengo ya Mwanza yakawa madogo nyuma yetu. Mwisho tulikubaliana kwamba Wakristo wamekuwa wakibishana juu ya vyakula tangu nyakati za mitume, na kwamba mtume Paulo aliwasihi anayekula asimdharau asiyekula, na asiyekula asimhukumu anayekula. Bwana akaona hayo yanamruhusu kumalizia kambale, akamalizia.

"Unakwenda kwa ndugu?" yule mama akaniuliza baadaye.

Nikamsimulia habari ya Mama Sabina na swali lake. Nilisimulia ile sehemu ya mtoto wa bahari kwa haraka, nikitazama vidole vyangu. Hakucheka. Aligeuka akaangalia yale maji ya kijani yanayopasuka ubavuni mwa meli.

"Kwenye mabenchi haya," akasema, "utapata shida kumpata mtu asiye na sababu ya kuuliza swali hilo."

Tukakaa tukiyatazama maji mpaka Nansio, bandari ya Ukerewe.

Mchana meli ilipofunga gati, Agripina alikuwa ananisubiri pembeni ya wauza machungwa, na sare yake ya kazi chini ya koti. Ni mwanamke mrefu, mchangamfu, mwenye kuendesha pikipiki mwenyewe. Alinipakia na begi langu na mfuko wa machungwa aliokuwa amenunua, tukapita barabara ya vumbi katikati ya michungwa na mashamba ya muhogo. Njiani aliniambia mambo mawili kwa kupiga kelele juu ya injini. La kwanza, mama yake anajua ninakuja. La pili, hakusema kama anafurahi.

Nyumba yao iko juu kidogo ya ziwa, na mbele yake kuna jabali bapa ambapo Mama Sabina alikuwa ameanika muhogo. Mama wa miaka sabini hivi, mdogo wa umbo, amefunga khanga kiunoni, anageuza vipande kimoja kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. Aligeuza vipande vitatu vya muhogo. "Wewe ndiye uliyecheka."

"Ndimi, mama."

Sasa akainua kichwa, akanipima toka kitambaa cha kichwa mpaka viatu. "Nilidhani utakuwa mnene. Sauti yako ni nene."

Agripina akakohoa kuficha kicheko. Mimi sikujua niweke uso gani. "Nimekuja kukuomba radhi," nikasema. "Ulileta jambo zito, mimi nikalifanya mchezo mbele za watu. Nisamehe."

"Umekula?"

"Bado."

"Basi kula kwanza. Mtu haombi radhi na njaa."

Tukala ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na hakuna aliyegusa jambo lililonileta. Aliniuliza habari za Mwanza, bei ya vitambaa, kama ni kweli kwamba Pasiansi siku hizi ni nyumba tupu kila mahali na hakuna pa kulima hata mchicha. Alipokwisha kunawa mikono ndipo akasema, "Haya, twende."

Tulikaa kwenye jabali, sisi watatu, ziwa liko chini yetu limetulia. Mama Sabina akanisimulia Deo. Hakuanza na kifo. Alianza na kabati la kwanza ambalo Deo alitengeneza akiwa na miaka kumi na minne, ambalo mlango wake ulikataa kufungwa na bado unakataa, na yeye mama amekataa urekebishwe. Akasema Deo alikuwa na tabia ya kuimba sauti ya nne kwenye kwaya huku akipotea, na hajui kama anapotea. Akasema asubuhi ile ya safari Deo alikunywa uji akasahau kofia yake kwenye kiti.

"Kwenye ibada ya kumwombea, mchungaji alisoma pale mwisho wa Kitabu," akasema. "Bahari ikawatoa wafu. Nikashukuru. Halafu akaendelea kusoma, nikasikia: ziwa la moto. Watu wakatupwa ndani ya ziwa. Sasa Mwalimu, wewe fikiria. Bahari inawatoa watu. Ziwa, watu wanatupwa ndani. Na mwanangu yuko ziwani."

Miaka yote nimesoma sura ile, nimeifundisha, nimeifanyia mtihani, na neno lile halijawahi kunigusa kwa upande huo. Mimi ninayeliona ziwa kila siku nikifungua dirisha. Agripina naye alikuwa amegeuka anamtazama mama yake. Nadhani hata yeye alikuwa hajasikia sehemu hiyo ya swali.

"Mama," nikasema, "hukuuliza yote kwenye kundi."

"Ningeulizaje yote? Ulikwisha kucheka."

Nikafungua Biblia. Nikamwonyesha Injili ya Luka, mahali Yesu alipoingia chomboni mwa Simoni akawafundisha watu, nikamwekea kidole kwenye neno. Akasogeza kitabu karibu na macho, akasoma kwa kuvuta. Ziwa la Genesareti.

"Hili ziwa," nikamwambia, "ndilo wengine wanaloliita Bahari ya Galilaya. Ni lilelile. Injili moja inasema bahari, nyingine inasema ziwa. Watu wa kule waliita maji yao bahari, lakini ni maji baridi, ya kunywa. Tena ni dogo, mama. Halifiki popote mbele ya hili letu."

"Yale ambayo Bwana alitembea juu yake?"

"Hayohayo."

"Dhoruba ile?"

"Humohumo. Na samaki wao mmoja ni wa ukoo wa sato."

Akanitazama kama mtu anayepima kama anatapeliwa. "Sato huyu?"

"Huyuhuyu tuliyekula."

Mama Sabina akaegemea nyuma. Akaangalia ziwa. "Kumbe Bwana alikuwa mtu wa ziwani," akasema, na mara ya kwanza sauti yake ikalegea.

Nikamweleza na habari ya lile ziwa la moto, kwamba ni picha ya hukumu, si maji yetu haya. Na nikamwonyesha jambo ambalo mchungaji labda alilisoma haraka: kabla ya watu hao, kinachotupwa ndani ya ziwa lile ni mauti yenyewe. Akanirudisha nyuma, nikalisoma tena. Akataka mara ya tatu.

"Kwa hiyo kifo chenyewe nacho kitakufa," akasema.

"Ndivyo tunavyoamini."

"Vizuri."

Nilidhani tumemaliza. Nilishaanza kuhisi ule utamu wangu wa kawaida, ukurasa umefunguka, uso umekunjuka. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama: "Na kwa nini wenzake wawili waliokolewa, yeye akaachwa?"

Majibu ya swali hilo ninayo, yapo manne kwenye daftari langu, nimeyanakili kwa wino wa bluu. Yote yalinijia mdomoni kwa mara moja. Nikamwangalia yule mama na vidole vyake, vyeupe tena kwa unga wa muhogo ulioanikwa pale.

"Sijui, mama," nikasema. "Hilo sijui."

Akashusha pumzi. Akanishika mkono. Ndipo akalia, na Agripina akalia, na mimi ambaye sikumjua Deo nikalia nao, mpaka kuku wakapanda juu ya jabali wakaanza kula muhogo, Mama Sabina akaruka kuwafukuza kwa Kikerewe kikali ambacho hakikuhitaji tafsiri.

Ijumaa asubuhi, wakati wa chai, likatokea jambo la mwisho. Mama Sabina alitaka msalaba uani, penye makaburi ya mume wake na wakwe zake. Baba mkubwa wa Deo, Mzee Bwire, anayekaa nyumba ya jirani, alikuwa amekataa tangu mwanzo. Akaitwa, akaja na fimbo yake, akasalimiwa, akapewa chai.

"Mimi sina ugomvi," akasema. "Lakini tutachimba tuzike nini? Mwalimu, kuna andiko linaruhusu?"

"Hakuna linalokataza, baba. Na msalaba si lazima uwe na mtu chini. Ni alama ya tumaini."

"Kwetu sisi kaburi tupu si jambo jema. Linaita mabaya."

Nilikuwa natafuta maneno ya heshima ya kumjibu. Sikuyahitaji. Mama Sabina alikwisha kuweka kikombe chini.

"Shemeji," akasema, "wewe ni mzee wa kanisa miaka thelathini. Imani yako ilianzia wapi, kama si kwenye kaburi tupu?"

Mzee Bwire akanigeukia mimi kama anayetaka msaada, na mimi nikatazama chai yangu. Kisha mabega ya Mama Sabina yakaanza kutikisika. Nilishtuka, nikadhani analia tena. Alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Mzee Bwire naye akashindwa, akacheka huku akijipangusa macho kwa kofia.

"Huyu mwanamke!" akasema. "Jembe liko wapi?"

Msalaba tuliutengeneza kwa mbao zilizobaki kwenye karakana ya Deo. Mzee Bwire alipigilia misumari, mimi na Agripina tukashika. Haukukaa wima sawasawa. Umelala kidogo upande wa kushoto. Mama Sabina akauzunguka mara mbili, akasema uachwe hivyohivyo. Tukasali kwa ufupi. Niliombwa nihubiri, nikasema hapana, nikaomba kila mmoja aseme jambo moja analolikumbuka la Deo. Ibada ile ilikuwa ndefu kuliko nilivyotegemea.

Jumamosi nikarudi na meli ya asubuhi, na machungwa mengi kuliko begi langu lilivyoruhusu. Katikati ya safari, simu ilipokuwa na mtandao, nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi. Sikuvaa sauti ya darasani. Nikasema nilimjibu mama mmoja kwa mzaha, na alikuwa anauliza habari za mwanawe. Nikasema nimekwenda kumwomba radhi. Nikaeleza na jibu la ziwa, kwa kirefu, ili na wengine waliolihitaji wakanyamaza walipate. Wengi walijibu kwa kuandika majina. Majina tu, ya watu wao waliobaki majini: mmoja, kisha mwingine, kisha sita, kisha nikaacha kuhesabu.

Nilichojifunza ni kidogo kuliko umbali niliosafiri. Nilikuwa nadhani kazi yangu ni kujua majibu. Majibu mengi yapo, na watu walioyatafuta kabla yetu wametuachia mengi na mazuri. Lakini swali halitembei peke yake; lina mtu aliyelibeba, na mimi nilikuwa naupokea mzigo bila kumwangalia mbebaji.

Jumapili baada ya ibada, darasa lilijaa. Swali la kwanza liliulizwa na mlinzi wa duka la jirani, mzee mpole aliyekuja akiwa bado na sare ya kazi, ambaye kwa mwaka mzima amekaa benchi la nyuma bila kusema neno.

"Mwalimu," akasema, "mtu akibatizwa kwa jina ambalo si lake, ubatizo unashika?"

Watu wakaangua kicheko. Mmoja akauliza kama alitumia kitambulisho cha mwenzake. Jibu lilikuwa tayari ulimini mwangu, zuri, fupi, na andiko lake.

Nikafunga Biblia. Nikavuta kiti mpaka benchi la nyuma, nikakaa mbele yake.

"Baba," nikamwambia, "ilikuwaje?"

Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Ni habari ndefu kidogo," akasema.

"Tunakusikiliza."